Kulungu Mmoja, Mapaja Mawili: Uchambuzi wa Kisa cha Nyama Iliyolala Mlimani

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea katikati ya mwezi wa Oktoba ndani ya Msitu wa Taifa wa Boise, jimbo la Idaho, magharibi mwa Marekani. Waliohusika ni wawili: mzee mmoja mzaliwa wa Kasongo, Kongo, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma na kuuza nyama huko kabla ya kuhamia Boise, na kijana mtoto wa dada yake, aliyekulia Marekani na mwenye leseni ya kuwinda. Mimi nilipigiwa simu alfajiri niende kuwasaidia kubeba. Yale nisiyoyaona kwa macho yangu nimeyapata kwao wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na wameridhia nikiandike kisa chao. Majina yao nimeyaacha.

Kinachokifanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa kwa kirefu ni matokeo yake. Mnyama mmoja, aliyekufa kwa risasi moja, alitoa mapaja mawili yaliyokatwa kwa kisu kimoja na kulala mlima mmoja usiku mmoja. Paja la kwanza lilifika nyumbani likiwa nyama nzuri kabisa, na la pili lilifika likiwa limeharibika kuzunguka kiungo cha nyonga. Mara nyingi nyama ya mawindo inapoharibika, watu hulaumu joto la mchana, nzi, umbali au uzito wa mzigo. Hapa mambo hayo yote yalikuwa sawasawa kwa mapaja yote mawili, kwa hiyo sababu iliyobaki inaonekana wazi kuliko kawaida.

Mnyama mwenyewe alikuwa dume wa kulungu wa masikio makubwa (kwa Kiingereza mule deer), aina inayopatikana kwa wingi katika milima ya magharibi mwa Marekani, mwenye uzito unaokadiriwa kuwa kilo 80 akiwa hai. Alipigwa saa kumi na mbili na nusu jioni, kwenye mteremko unaotazama kaskazini, wenye misonobari iliyotawanyika na vichaka vya kijivu vyenye harufu kali. Gari lilikuwa limeachwa mwisho wa barabara ya vumbi, kilomita 4 hivi kutoka hapo na kama mita 350 chini. Mchana joto lilikuwa limefika nyuzi 21 za Selsiasi, na usiku lilishuka hadi nyuzi 3 au karibu na hapo. Sheria ya Idaho inaruhusu wanyama wakubwa kuwindwa hadi nusu saa baada ya jua kuzama, hivyo kisheria risasi ile haikuwa na dosari. Hata hivyo mwindaji anayefyatua saa hiyo, umbali huo kutoka kwenye gari, anapaswa kujua kwamba amekubali kuchuna na kukata gizani. Kukubali huko kulihitaji taa za kutosha, nao walikuwa na taa mbili za kichwani, moja ikiwa na betri iliyotumika siku nyingi.

Walipomfikia, kulungu alikuwa ameshakufa. Swali la kwanza la mzee halikuhusu nyama. «Ulipiga bismillahi?» aliuliza. «Nilipiga, mjomba, kabla ya kuvuta,» kijana akajibu. Kwa mzee hilo lilitosha, kwa kuwa mnyama wa mawindo aliyekufa kwa jeraha la silaha kabla ya kufikiwa si kibudu, ilimradi jina la Mungu lilitajwa wakati wa kufyatua. Angekutwa yu hai, wangemchinja. Kijana akakata alama za mwezi na tarehe kwenye kibali chake, jambo ambalo sheria ya Idaho inataka lifanyike papo hapo baada ya mnyama kuuawa, kisha wakageukia kazi.

Hapo ndipo palipofanyika uamuzi ulioamua mengine yote. Kijana alitaka kutumia njia ya kutopasua tumbo, ambayo wawindaji wengi wa milima ya Marekani wanaipenda. Mnyama hulazwa ubavu, ngozi huchanwa juu ya uti wa mgongo kuanzia shingoni hadi mkiani, kisha huvutwa chini kuelekea tumboni ili ibaki imetandazwa ardhini kama jamvi. Upande wa juu hukatwa wote: mkono, sarara, nyama ya shingo, paja. Baada ya hapo mnyama hugeuzwa na upande wa pili hufanyiwa hivyo hivyo. Utumbo hubaki ndani muda wote, na fileti mbili zilizo chini ya uti wa mgongo hutolewa mwishoni kupitia tundu dogo linalokatwa nyuma ya ubavu wa mwisho. Mzee hakuipenda njia hiyo. Katika bucha yake, tumbo lilitolewa kabla mnyama hajapoa, iwe mbuzi au ng'ombe. «Mnyama mwenye tumbo ndani hapoi, mjomba,» alimwambia mpwa wake, naye kijana akamjibu kwamba wangemaliza haraka kuliko kupasua, na kwamba kisu kisipogusa utumbo, nyama haitachafuka. Mzee akanyamaza, kwa sababu kibali kilikuwa cha kijana na mlima ulikuwa wa kijana.

Nataka kumtendea haki kijana hapa, kwa maana hoja zake zilikuwa na uzito. Kulungu aliyepasuliwa gizani na mtu asiyezoea huishia mara nyingi kutobolewa tumbo au kibofu, na kinyesi au mkojo vikimwagika ndani ya kifua na nyonga, nyama iliyo karibu huharibika upesi. Damu na utumbo vilivyotandazwa hutoa harufu inayosafiri mbali, na msitu ule una dubu weusi, mbwamwitu na mbweha. Zaidi ya hayo, njia ya kutopasua tumbo hutoa nyama safi ajabu, isiyohitaji kuoshwa wala kufutwa. Lakini njia hiyo ina sharti moja ambalo wanaoielekeza husahau kulitaja kwa kuwa kwao limekuwa mazoea: ni kazi ya mkupuo mmoja. Anayeianza lazima aimalize. Njia ya zamani ya kupasua tumbo kwanza unaweza kuiachia katikati na mnyama akaendelea kupoa kutoka ndani; hii ukiiachia katikati, unakuwa umeacha nusu ya mnyama katika hali mbaya kuliko ambayo ingeletwa na njia nyingine yoyote.

Upande wa juu waliufanya vizuri sana. Mzee ndiye aliyeshika kisu, kijana akavuta ngozi. Mkono wa mbele hauna kiungo cha mfupa kinachouunganisha na kiwiliwili. Bapa la bega limeshikiliwa na misuli peke yake, kwa hiyo mkono unapoinuliwa na kisu kikapitishwa kwapani, unatoka mzima bila kuguswa mfupa wowote. Sarara iliondolewa kwa kukata kando ya miiba ya uti wa mgongo kuanzia shingoni hadi kwenye nyonga, kisha kuibandua juu ya mbavu kwa ncha ya kisu. Paja ndilo linalowasumbua wageni wengi, kwa kuwa mpira wa fupa la paja umezama ndani ya kikombe cha nyonga. Mzee alikata kutoka upande wa ndani, akafuata mfupa wa nyonga kwa ncha hadi kiungo kikaonekana, akamwagiza kijana asukume mguu nje, na kiungo kilipofunguka, akakata kano nene iliyoko katikati ya kikombe. Korodani moja iliachwa ikiwa imeungana na paja hilo, ili mkaguzi akiwasimamisha njiani aone kwamba mnyama alikuwa dume. Vipande vyote vilitiwa katika mifuko ya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa na kutundikwa kwenye tawi la msonobari, kimo cha zaidi ya mtu na hatua kama sitini kutoka kwenye mzoga. Mzee alikuwa amebeba pia mifuko myeusi ya plastiki, na ni bahati kwamba kijana alimkatalia. Plastiki huzuia joto na unyevu kutoka, na nyama yenye moto wake ikifungwa humo huanza kuchacha yenyewe kabla ya kukucha.

Walipomgeuza mnyama ili waanze upande wa pili, taa ya kwanza ikazima. Taa moja kwa watu wawili inatosha kukata polepole, lakini kijana aliwaza mteremko waliotakiwa kuushuka, wenye mawe yaliyolegea na nyasi kavu zinazoteleza, akaona kwamba taa iliyobaki ihifadhiwe kwa njia. Upepo ulikuwa umeanza kuwa wa baridi. Walikubaliana kwamba nyuzi 3 ni baridi ya jokofu, na kwamba nusu iliyobaki ingelala salama. Wakamrudisha mnyama alivyokuwa awali, upande uliokwishachunwa ukiwa juu, wakaufunika kwa ngozi yake ili ndege wasiudonoe, wakashuka. Upande ambao haujachunwa ulibaki chini, ukiwa na ngozi yake, umekandamizwa ardhini na uzito wa mnyama mwenyewe, na tumbo lote likiwa ndani.

Nilipofika asubuhi pamoja nao, hakuna mnyama aliyekuwa amegusa chochote, isipokuwa kunguru waliokuwa wameshatoboa jicho. Mifuko iliyotundikwa ilikuwa baridi na mikavu. Nilipoingiza vidole ndani ya paja la juu, kwenye shimo kilipokuwa kikombe cha nyonga, palikuwa baridi kama nje, na uso wa nyama ulikuwa umefanya utando mwembamba mkavu wa rangi ya zambarau iliyokolea. Huo utando ni ishara nzuri, kwa kuwa bakteria hustawi penye unyevu. Mzoga ulikuwa jambo jingine. Tumbo lilikuwa limefura na kukaza kama ngoma. Tulipomgeuza, manyoya ya upande wa chini yalikuwa yameloa, na nilipoweka kiganja kwenye nyama ya paja baada ya mzee kuchana ngozi, niliusikia uvuguvugu. Usiku mzima wa nyuzi 3 ulikuwa umepita, na nyama ile ilikuwa bado vuguvugu.

Mzee alikata kuelekea kwenye nyonga kama alivyokata jioni. Nje, nyama ilikuwa nyekundu na nzuri, kiasi kwamba kijana alisema haina kitu. Kisu kilipofika kwenye kiungo, ilitoka harufu ya uchachu iliyochanganyika na ya yai viza, na ute uliozunguka mpira wa fupa ulikuwa na rangi ya kijivu inayoelekea kijani. Mzee alisogeza pua mara moja, akarudi nyuma, akasema: «Huyu ameoza mfupani.» Wachinjaji wa nchi nyingi wanaijua hali hiyo. Nyama huharibika kuanzia ndani kwenda nje, na anayetazama uso wake peke yake hawezi kuiona.

Sababu yake inahitaji kuelezwa kwa utaratibu, maana ndiyo kiini cha kisa. Kulungu aliye hai ana joto la mwili la nyuzi 38 hadi 39. Anapokufa, damu iliyokuwa ikisambaza joto husimama, na tangu hapo joto lililo ndani kabisa halina njia ya kutoka ila kupenya nyama polepole hadi kwenye uso. Muda wa kupoa hauongezeki sawia na unene wa nyama. Unene ukiwa maradufu, muda huwa karibu mara nne. Paja ndilo fungu nene kuliko yote, na mpira wa fupa lake umekaa mahali palipo mbali zaidi na hewa. Bakteria waharibifu huzaliana upesi katika joto lolote lililo juu ya nyuzi 4 hivi, na wapo wasiohitaji hewa kabisa, ambao penye kiungo kilichofungwa, chenye ute na uvuguvugu, hupata kila wanachokitaka.

Juu ya unene huo, upande wa chini uliongezewa mambo matatu. La kwanza ni ngozi. Kufikia Oktoba kulungu ameshaota manyoya ya majira ya baridi, ambayo yana uwazi ndani na huzuia joto kwa nguvu sana. Ndiyo yanayomwezesha kulala juu ya theluji bila kuiyeyusha. La pili ni ardhi, ambayo ilikuwa imepigwa jua mchana na ambayo, tofauti na hewa inayotembea, haichukui joto na kuondoka nalo. La tatu ni tumbo. Kulungu ni mcheuaji kama ng'ombe, na tumbo lake kubwa limejaa majani yanayochachushwa na vijidudu. Vijidudu hivyo havifi kwa kuwa mnyama amekufa. Vinaendelea kufanya kazi kwa saa nyingi, vikitoa gesi na joto, na ndiyo maana tulilikuta tumbo limefura. Kwa maneno mengine, nyuzi 3 walizozitegemea zilikuwa za hewa, na hewa hiyo haikuwahi kulifikia paja la chini.

Ushahidi wa vipande vingine unakubaliana na maelezo hayo. Sarara ya chini, ingawa ililala chini ya ngozi ile ile, ilikuwa nzima, kwa kuwa ni nyama nyembamba isiyozunguka mfupa wenye kiungo. Mkono wa chini nao ulinusurika isipokuwa pale risasi ilipotokea. Fileti zote mbili, zilizolala usiku kucha zikiwa zimegusana na utumbo, zilikuwa zimeshika harufu ya tumbo, na mzee alizikataa kabla hata ya kuzionja kwa moto. Hilo liliniuma kuliko paja, kwa sababu fileti ndiyo nyama laini kuliko zote katika mnyama, na jioni ile zingetolewa kwa dakika chache.

Je, wangefanya nini? Nimelipima swali hili kwa masharti waliyokuwa nayo, yaani taa moja, uchovu na baridi. Kumalizia upande wa pili kwa taa moja kungewachukua muda usiozidi ule waliokwisha utumia, pengine pungufu, kwa sababu mikono ilikuwa imeshajua kazi, na huo kwangu ndio ungekuwa uamuzi bora. Hofu ya mteremko ilikuwa ya haki, lakini kuna jibu lake: msitu ule una kuni, nao walikuwa na kiberiti, na kungoja mapambazuko kando ya moto si hatari kwa watu waliovaa vizuri. Kama hawakuweza kabisa kuendelea kukata, njia ya pili ilikuwa kufuata neno la mzee hata kwa kuchelewa: kupasua tumbo, kuvuta utumbo nje, na kumlaza mnyama chali akiwa ameegemezwa mawe, kifua na nyonga zikiwa wazi. Hapo kikombe cha nyonga kingepata hewa kutoka ndani. Njia ya tatu ni ndogo kuliko zote na ingehitaji dakika tano tu. Ni kumgeuza ili upande wenye ngozi uwe juu, kuchana ngozi ya paja, na kuzamisha kisu kutoka upande wa ndani hadi kwenye kiungo ili kikae wazi. Ningechagua hata hiyo kuliko kumwacha alivyoachwa. Kumfunika kwa ngozi yake mwenyewe, ambako walikufanya kwa nia njema ya kuilinda nyama na ndege, kulikuwa kumwongezea joto mnyama ambaye tatizo lake lote lilikuwa joto.

Jambo lililonigusa asubuhi ile lilihusu kupasua. Mzee alilifungua tumbo ili aone kama maini yanafaa, na kwa mazoea ya mbuzi akapapasa chini ya ini akitafuta nyongo ili aikate kwa uangalifu isimwagike. Hakuikuta. Kulungu hana kifuko cha nyongo, tofauti na mbuzi, kondoo na ng'ombe. Ini lenyewe lilikuwa limegeuka rangi na halikufaa tena, lakini nilimwona mzee akitafakari, kisha akamwambia mpwa wake kwamba kazi ya kupasua mnyama huyu ni nyepesi kuliko ya mbuzi. Ni kweli. Ndani ya kulungu vya kuogopa ni tumbo na kibofu, na mchinjaji aliyefungua maelfu ya mbuzi kwa miaka yake yote angevitoa gizani kwa kupapasa. Utaalamu uliohitajika jioni ile ulikuwepo mlimani, mikononi mwa mtu aliyenyamaza kwa heshima.

Kuhusu kubeba, sina mengi, kwa kuwa kulikwenda vizuri. Tulitoa mifupa ya mapaja na mikono pale pale, juu ya ngozi iliyotandazwa, tukabaki na minofu. Watu wengine hutoa mifupa jioni ile ile nyama ikiwa bado ya moto, na hilo hupunguza joto upesi sana, ila misuli iliyokatwa kutoka mfupani kabla ya kukakamaa hujikunja na kuwa migumu kutafuna. Penye usiku wa baridi, paja lililochunwa na kutundikwa penye hewa ni heri lilale na mfupa wake. Penye usiku wa joto, toa mfupa na uvumilie ugumu. Minofu yote, pamoja na ile tuliyoitilia shaka, ilikaribia kilo 30, tukaigawa kwa watu watatu. Mzigo ulifungwa karibu na mgongo na juu ya kiuno, mkanda wa kiunoni ukichukua uzito, maana nyama inayoning'inia chini na kuyumba humwangusha mtu kwenye mteremko. Paja lililoharibika na fileti tulizibeba pia. Sheria ya Idaho inakataza kuacha porini nyama inayolika ya kulungu, na inataja mapaja hadi kwenye kifundo cha mguu wa nyuma, mikono hadi gotini, sarara na fileti. Si kazi ya mwindaji kusimama mlimani na kujiamulia kwamba sehemu hii imeshatoka kwenye hesabu.

Mzee alitaka pia kichwa, makongoro na bandama kwa ajili ya supu, na alishangaa kuona Wamarekani wanaviacha. Makongoro tulimbebea. Kuhusu kichwa na bandama nilimshauri vingine, kwa sababu ya ugonjwa unaodhoofisha kulungu hadi kuwaua, unaojulikana kwa kifupi CWD. Uligunduliwa kwanza Colorado mwaka 1967, na mwaka 2021 ulipatikana Idaho kwa mara ya kwanza. Husababishwa na prioni, protini iliyojikunja vibaya, ambayo moto wa kupikia hauiharibu, nayo hujikusanya zaidi katika ubongo, uti wa mgongo, macho, bandama na tezi. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuupata kwa kula nyama, lakini mamlaka za afya za Marekani zinashauri mnyama aliyekutwa nao asiliwe. Kwa hiyo supu ya kichwa cha kulungu, hata kwa mtu aliyeipenda ya mbuzi tangu utotoni, siishauri. Kichwa tulikibeba kwa sababu nyingine: tezi zilizo nyuma ya koo ndizo zinazopimwa, nasi tulikipeleka zichukuliwe sampuli.

Nyumbani tulikata upya kila kitu juu ya meza yenye mwanga. Mkono uliopitiwa na risasi ulikatwa kwa ukarimu, upana wa kiganja zaidi ya pale palipokuwa na damu iliyovilia, kwa kuwa risasi iliyotengenezwa kwa madini ya risasi hupasuka na kutawanya vipande vidogo visivyoonekana mbali na jeraha. Paja la chini tulilifungua misuli kwa misuli. Misuli ya nje, iliyo mbali na kiungo na isiyo na harufu, ilibaki. Iliyozunguka mfupa ilitupwa, na ikawa zaidi ya nusu ya paja. Pamoja na fileti, hasara ilikaribia kilo 4. Mifupa na mabaki yalifungwa na kupelekwa kwenye dampo rasmi, si kutupwa mtoni wala kichakani, kwa sababu ya ugonjwa ule ule.

Nyama iliwekwa kwenye friza ikisubiri majibu, na maabara ilipojibu kwamba ugonjwa haukugunduliwa, mzee akaanza kuigawa kwa majirani. Kijana bado anatumia njia ya kutopasua tumbo, nami sina sababu ya kumkataza. Amenunua taa mpya na betri za akiba, na wamekubaliana na mjomba wake kwamba kazi ikilazimika kusimama kabla upande wa pili haujakatwa, kwa sababu yoyote ile, kisu kinakabidhiwa mzee na tumbo linafunguliwa.